Kitinda mimba wetu yuko misheni Ghana, anataka kurudi. Nimwambie nini Jumatatu?

MmaragoliWaMigosi:

Wadau, naomba ushauri. Wale wa kubishana dini ipi ndiyo ya kweli, tafadhali fungueni uzi wenu.

Ndugu yangu wa mwisho ana miaka 20. Alijiunga na Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho akisoma hapa Kisumu. Ni wale vijana mnaowaona wawili wawili, shati jeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani. Kwao kijana wa kiume hutumwa misheni miaka miwili na hachagui pa kwenda. Barua yake ilisema Ghana, Kumasi. Baba yetu ni mzee wa kanisa la Friends (Quakers) kule Vihiga, na mwanzoni hakutaka hata kusikia habari hizo. Barua ilipofika, akageuka kuwa ndiye msemaji mkuu. Mchango ukafanywa, ng'ombe akauzwa, suti zikashonwa Luanda ya huko huko Vihiga, na tangu siku hiyo kila matanga akipewa maikrofoni lazima aseme ana kijana Afrika Magharibi kwa kazi ya Bwana.

Miezi ya kwanza mtoto alikuwa sawa kabisa. Alikuwa mjini Kumasi na mwenzake Mghana, mtu wa vichekesho, anayejua kupika. (Hawatembei peke yao, wanaishi na kufanya kazi wawili wawili.) Akaanza kukishika Kitwi, lugha ya kule, na akina mama wa soko la Kejetia wakampa jina Kwabena kwa sababu alizaliwa Jumanne. Jumatatu ndiyo siku yao ya kufua na kupumzika, kwa hiyo tunaongea kwa video saa tatu usiku yetu, ambayo kwao ni saa kumi na mbili jioni. Ilikuwa kucheka tu.

Sasa mambo yote yamebadilika kwa mpigo. Mwenzake alimaliza muda wake akaenda kwao. Ndugu yangu akahamishiwa kamji kadogo nje ya Kumasi. Rais wao wa misheni, yaani kiongozi wao huko, aliyekuwa amemzoea kama mzazi, miaka yake mitatu imekwisha na Julai hii ameingia mwingine. Na juu ya hayo yote amepewa Mmarekani wa miaka 18 aliyetua juzi, ati yeye ndiye amfundishe kazi. Yeye mwenyewe bado anaombwa arudie anachosema akinunua nyanya!

Jumatatu iliyopita alilia. Alisema halali vizuri, chakula hakipiti, na akisimama mlangoni kwa mtu kubisha hodi kifua kinambana. Anataka kurudi. Mama akaanza kulia naye. Baba akachukua simu akamwambia, "Ukirudi kabla ya wakati, usipitie kwangu." Halafu simu nikapewa mimi, nikasema tutaongea wiki ijayo.

Wiki ijayo ni keshokutwa. Nimwambie nini? Yeye hawezi kuingia humu, simu zao ni za kazi, ndiyo maana nauliza mimi.

BodaBilaKofia:

Kwani Waghana hawajaokoka? Wale watu wana makanisa mengi kuliko maduka. Mwambie arudi ahubirie hapa Nyalenda, Kisumu, nitambeba bure.

MmaragoliWaMigosi:

Nimecheka, lakini nisaidie na jibu pia.

Pilipili_Kali:

Mwacheni akomae. Wenzake wako Saudia wanafungiwa pasipoti na hawalii, yeye amepewa nyumba na suti analia kwa sababu rafiki amehama. Mkimrudisha sasa, hata kazi akipata atakuwa anaacha kila bosi akibadilishwa.

KibaoCheusi:

Dada, mimi nilitumikia Zambia, nimerudi zamani, niko Kakamega. Hayo ya ndugu yako nayajua.

Kwanza nimjibu Pilipili. Kijana huyu hajalia kwa sababu rafiki amehama. Ukiwa misheni, mwenzako ndiye familia yako yote. Mnaamka pamoja saa kumi na mbili na nusu, mnasoma pamoja, mnafukuzwa milangoni pamoja, mnakula sufuria moja. Akienda, kesho yake asubuhi uko na mtu usiyemjua, na hakuna aliyekuuliza. Enzi zetu hata nyumbani tulipiga simu Krismasi na Siku ya Mama tu, mengine yote barua pepe. Ruhusa ya kuongea na familia kila wiki ilikuja 2019. Ni jambo zuri, ila lina upande wake: sasa mama anaona machozi kwa macho yake, na kijana anaona machozi ya mama.

Nikisoma maneno yako, kinachomtisha naona ni huyo Mmarekani, kuliko Ghana yenyewe. Alipokuwa mgeni, alikuwa na mtu wa kumwegemea. Sasa yeye ndiye wa kuegemewa, na anaona hana kitu cha kumpa mwenzake. Kupewa mgeni umfundishe kabla hujamaliza mwaka ni kawaida sana. Na huyo mtoto wa Marekani nakuhakikishia naye analia bafuni. Hajui Kitwi hata neno, fufu, chakula chao cha kutwangwa, hajui ashike vipi, na anadhani ndugu yako anajua kila kitu.

Jumatatu usimuulize "unarudi au hurudi". Muulize ni saa ngapi ya siku inayomshinda zaidi. Mimi ilikuwa saa ya kutoka nyumbani asubuhi. Nilipoisema kwa mdomo, mwenzangu akawa ndiye anayebisha mlango wa kwanza kila siku, mimi nachukua wa pili. Kitu kidogo hivyo tu.

Na jambo la lazima: amwambie rais mpya ukweli. Rais mgeni hukutana na kila mmoja wao, na kukaa nao ana kwa ana ni sehemu ya kazi yake. Ajue pia uhamisho huangaliwa upya kila baada ya wiki kama sita hivi. Hali aliyo nayo leo si ya miaka miwili.

Akirudi mapema, hafukuzwi kanisani. Nawajua waliorudi kwa ugonjwa, wakapona, wakatumwa tena. Nawajua pia waliorudi na hawakwenda tena, na wanaimba kwaya kama kawaida.

NesiWaZamu:

Kabla hamjaendelea na saikolojia ya milango, nina swali moja. Anameza dawa gani ya kuzuia malaria?

Naona halali, ana wasiwasi, kifua kinabana, chakula hakipiti. Haya yanaweza kuwa upweke mtupu. Lakini kuna dawa ya kuzuia malaria inaitwa meflokwini, humezwa mara moja kwa wiki, na madhara yake yanayojulikana ni hayo hayo: ndoto mbaya, kukosa usingizi, wasiwasi, huzuni nzito. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo la ngazi ya juu kabisa 2013 kwa sababu ya madhara ya akili na mishipa ya fahamu. Si kila mtu huyapata, wengi huimeza bila shida. Lakini ukiwa na kijana aliyekuwa anacheka na ghafla hacheki, lazima uulize. Ikiwa ndiyo hiyo, zipo nyingine anazoweza kupewa, kama doksisaiklini ya kila siku. Mwambie akusomee jina lililo kwenye pakiti.

Muulize pia waziwazi kama anawaza kufa. Usiogope kuuliza, swali haliwezi kumtia wazo hilo. Akisema ndiyo, basi habari ya kuvumilia imekwisha hapo, aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

MmaragoliWaMigosi:

Nesi, hilo la dawa halijawahi kutupita akilini hata kidogo. Najua anameza kitu, sijui jina. Nitauliza.

KibaoCheusi, hapo kwa Mmarekani umenigusa. Kweli alisema mara mbili, "Huyu ananitazama mimi tu."

Section58:

Nimeishi Ghana kikazi kabla sijarudi Nakuru. Wanangu, shida ya Mluhya Ghana huanzia tumboni. Fufu haitafunwi, inamezwa, na ukiwa na huzuni haimezeki. Mwambie aache fufu kwa sasa atafute banku. Ni unga wa mahindi uliochachushwa na muhogo, ina uchachu, lakini mkono unaijua. Aile na kontomire, ambayo ni majani ya magimbi yaliyopikwa, akifumba macho yuko Mbale ya Vihiga sokoni siku ya mboga za kienyeji. Sokoni kuna dagaa wa baharini waliokaushwa, si omena lakini ni jamaa zake.

Unga wa mahindi wa kawaida haukosekani, asonge ugali wake mwenyewe walau siku hiyo ya Jumatatu, na huyo Mmarekani akoroge. Mtu akishapika kwake, mji huacha kuwa wa watu wengine.

Na asitoe wala kupokea kitu kwa mkono wa kushoto. Mji mdogo hilo wanalitazama kuliko mjini. Huenda kuna milango inafungwa kwa sababu hiyo na hajui.

Pilipili_Kali:

Haya ya dawa sikujua. Lakini bado nasema asirudi kwa machozi. Apimwe, abadilishiwe dawa, halafu aamue akiwa amelala usingizi.

NesiWaZamu:

Kwa mara ya kwanza tangu nijiunge humu nakubaliana na Pilipili.

MwalimuMstaafu:

Binti yangu, nizungumzie upande wa baba yako, kwa sababu naona wote mnamtibu kijana na mzee mmemwacha na homa yake.

Sisi watu wa magharibi tumezoea kupokea wamisheni. Kutuma hatujazoea. Mtu akitumwa, tunadhani ni kama kwenda vitani, arudi na ushindi au arudi kwa sanduku. Baba yako ni mzee wa Friends, basi mkumbushe habari za nyumbani kwake. Waliofika Kaimosi 1902 walikuwa Wamarekani watatu: Hotchkiss, Hole na Chilson. Chilson alikaa miaka mingi. Hotchkiss hakudumu, aliondoka akaenda kuanzisha misheni nyingine upande wa Lumbwa, kule Kericho. Je, baba yako amewahi kumsikia mtu yeyote kanisani akimwita Hotchkiss mtoro? Jina lake linatajwa pamoja na wenzake mpaka leo.

Na Gendia, 1906, Waadventista hawakuleta mzungu peke yake. Carscallen alikuja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Huyo alikuwa Mwafrika mgeni kabisa Ujaluoni, kama ndugu yako alivyo mgeni kwa Waashanti. Tunamsahau kila tukisimulia. Mtajie kijana jina hilo, asidhani yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kutumwa kwa Waafrika akakuta hata salamu haijui.

MamaWatatu:

Mwalimu amesema vizuri, ila mzee hatasikia historia kutoka kwa binti yake. Mna mjomba? Kwetu maneno kama hayo hupelekwa na mjomba, tena si kwa simu. Aende na sukari, akae, waongee mengine kwanza. Baba hamkatai mtoto, anaogopa ile maikrofoni ya matanga.

Na Jumatatu mama yako asalimie kwanza dakika chache, kisha aende jikoni. Wewe ubaki na kijana peke yenu. Hakuna mtu anaweza kufikiri akitazamwa na familia nzima kwenye kioo kidogo.

MmaragoliWaMigosi:

Nimerudi na habari, asanteni wote.

Mama alikubali kwenda jikoni, nilishangaa. Swali la saa inayomshinda halikumchukua muda: ni usiku, taa zikizimwa, anaanza kuhesabu makosa ya siku ambayo mgeni wake ameyaona. Kuhusu kufa alisema hapana, na akanishukuru kwa kuuliza. Rais mpya atakutana naye wiki hii, na ameahidi kusema yote. Kurudi bado anakutaka, ila amesema anaweza kungoja mpaka uhamisho ujao ndipo aamue. Nimemwambia vyovyote atakavyoamua, kitanda kwangu Migosi kipo. Mjomba anaenda Vihiga Jumamosi, kwa hiyo habari ya baba sina bado.

Section58, banku anaijua, hakuwahi kufikiria kuila na kontomire. Mkono wa kushoto ameapa hatumii.

Nesi, ni ile ya mara moja kwa wiki. Jina alilosoma ni hilo hilo ulilotaja. Ameogopa sana na anasema ya wiki hii hamezi.

NesiWaZamu:

Mtumie ujumbe sasa hivi, usingoje Jumatatu. Leo hii ampigie anayeshughulikia afya kwenye misheni yao, aseme jina la dawa na dalili zote, aandikiwe nyingine kabla siku ya kumeza haijafika. Asikae bila kinga, Kumasi kuna malaria kama Kisumu, na kukulia huku hakumkingi. Ajue pia kwamba meflokwini hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo asitegemee kuamka mzima kesho. Usingizi ukikaa sawa ndipo azungumze na rais wake habari ya kurudi au kubaki.

MmaragoliWaMigosi:

Nimemtumia. Simu zao hufunguliwa asubuhi, akijibu nitaandika hapa.