Kizimkazi kuna nini zaidi ya pomboo?

Mama Wawili, Morogoro:
Habari zenu wapendwa. Januari tutakuwa Unguja na watoto, mkubwa yuko darasa la sita na anapenda mno historia. Kila ninayemuuliza habari za Kizimkazi hunijibu "pomboo", basi. Hakuna kingine cha kumwonyesha?

Mtoto wa Dikoni:
Karibuni sana dada. Mimi mzaliwa wa huku, baba yangu mvuvi. Nakuomba uanze na msikiti wa Dimbani, kijiji kimojawapo cha Kizimkazi. Kwa nje ni kuta nyeupe na paa la bati, wageni wengi hupita hata hawageuki. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo lilijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yale ni miongoni mwa ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yetu yote. Bado panasaliwa, kwa hiyo vaeni nguo za stara, ombeni ruhusa kwa msimamizi, na msiende wakati wa sala.

Pomboo nao wana historia. Wazee wetu waliwavua wawe chambo cha papa. Watalii walipoanza kumiminika miaka ya 1990, pomboo hai akawa na faida kuliko aliyekufa, uvuvi ule ukakoma. Ndiyo maana huniuma nikiona boti zimelizingira kundi moja, kila nahodha anataka mgeni wake aruke majini kwanza. Pomboo mwenye mtoto hapati hata pa kunyonyeshea. Elewaneni na nahodha mkiwa bado nchi kavu: asiwakatie pomboo njia, asiwafukuze, na nyinyi mbaki botini.

Abuu wa Fuoni:
Umesema kweli kaka. Januari ni msimu wa upepo wa kaskazi, bahari ya kule hutulia kuliko wakati wa upepo wa kusi. Njiani piteni msitu wa Jozani mkawaone kima punju. Na mwambie mwanao kuwa Rais Samia kazaliwa Kizimkazi.

Mama Wawili, Morogoro:
Ahsanteni sana! Samaki tutapata wapi?

Mtoto wa Dikoni:
Dikoni, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, asubuhi, wavuvi waliolala baharini wakirudi. Na maji yakitoka, kina mama hushuka mwambani kutafuta pweza. Salimieni kwanza, kisha muulize bei. Msiwapige picha bila idhini yao.