Fuvu la Mkwawa: libaki Kalenga au likazikwe Mlambalasi?

Mlugaluga: Mwili uko Mlambalasi, fuvu liko makumbusho ya Kalenga kwenye kabati la kioo. Mtwa, chifu wetu wa Wahehe, anazuriwa vipande vipande! Lizikwe na mwili wake, yaishe.

Kamwene: Likizikwa nani atafika huko? Kalenga ni kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, bodaboda anakupeleka na kukusubiri. Mlambalasi ni kama 50 kwa barabara hiyohiyo ya Ruaha, ukodi gari. Halafu fuvu lenyewe huenda hata si lake.

Lipuli Damu: "Huenda si lake"? Kaseme hivyo Kalenga tukuone. Wajerumani walikata kichwa chake, Mkataba wa Berlin ukawaamuru wakirudishe, wakarudisha.

Mkata Mzizi: Si Berlin, ni Versailles, ule wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, 1919, kifungu cha 246. Nao uliwapa miezi 6 ya kulikabidhi kwa serikali ya Uingereza, si kwa Wahehe. Limefika Kalenga 19 Juni 1954! Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua kati ya mafuvu ya makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa kipimo: upana wa kichwa gawanya kwa urefu, zidisha kwa 100, linganisha na vichwa vya ndugu zake. Akaokota lililokaribiana, lenye tundu la risasi. Kipimo hicho kinaweza kuondoa wasiofanana tu, hakimtambui mtu.

Lipuli Damu: Wewe ni Mhehe kweli?

Mkata Mzizi: Kabila langu linaingiaje hapo? Sajini Merkl, Mjerumani aliyekuwa akimsaka Mkwawa, mwenyewe alikuta miili miwili siku aliyokufa, 19 Julai 1898. Dawa ni DNA: unatoboa jino au mfupa mgumu wa sikio la ndani, unalinganisha na mjukuu wa kiume aliyeshuka baba kwa mwana. Ukitumia wa upande wa binti, kromosomu ya kiume aliyonayo si ya Mkwawa, kwa kipimo hicho umetoboa bure.

Mlugaluga: Swali langu lilikuwa kuzika jamani.

Dada wa Gangilonga: Uzike kisha upime? Pima kwanza. Na wanaokwenda, anzieni Kalenga mpate mwongozaji, ndipo Mlambalasi. Desemba hadi Aprili mvua inaharibu njia za vumbi, msiende na gari dogo.

Lipuli Damu: Kutoboa mtwa wetu! Mbona mnara wa Zelewski, kamanda Mjerumani aliyeuawa na Wahehe pale Lugalo, hamuulizi una mifupa ya nani?

Kamwene: Lugalo ni barabara ya Morogoro, upande mwingine wa mji. Usimpotezee mgeni mafuta.