Nimeletewa kobe bapa kama chapati, nikamwachie Amboni kwenye mapango?

BintiNgamiani:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa haraka. Mpwa wangu ni utingo wa lori, juzi karudi na mzigo wa mbaazi toka Babati, kaniletea kobe kwenye boksi la sabuni, anasema kamnunua kwa watoto barabarani elfu tano ati zawadi ya shangazi. Sasa kobe wa aina hii mimi sijawahi kumuona, gamba halikupanda juu kama kobe tunaowajua, yupo bapa kabisa, ukimshika tumboni panabonyea nikadhani anaumwa. Halafu ana mbio jamani! Nilimweka sakafuni kaingia chini ya kabati kajibana, nusu saa nzima tunamtoa. Nikamwekea beseni la maji maana sisi wa pwani tumezoea kasa, akawa anatapatapa nikamtoa. Kumfuga moyo unakataa. Nimewaza Jumapili nikamwachie Amboni kwenye mapango, mawe si yapo pale na pori lipo? Au ndo namuua?

Mstaafu_Muheza:
Mwanangu Amboni usimpeleke. Huyo haumwi, ndivyo alivyo, gamba lake ni jepesi na linabonyea ili aweze kupenya kwenye ufa wa mwamba. Kobe wengine wakiona adui wanaingiza kichwa wanatulia, huyu anakimbia, akishaingia kwenye ufa anajikaza kwa miguu na kucha hatoki hata umvute. Zamani watu walisema anajijaza upepo kama puto, siyo kweli.
Yeye ni wa Kenya, Tanzania na kipande cha Zambia tu, dunia nzima hayupo kwingine porini. Huku kwetu yupo Tarangire, Ruaha na vilima vya mawe vya huko bara, sehemu kavu. Amboni ni mawe ya chokaa, karibu na bahari, unyevu mwingi, na akiwa na ugonjwa atawaachia kobe wa hapo. Mawe si yote mamoja mwanangu, nimefanya kazi ya misitu miaka mingi huku Usambara na najua mnyama wa mlima mmoja ukimpeleka mlima mwingine unaweza usimuone tena.
Kwa sasa mweke kwenye boksi kavu lenye matundu, kivulini, majani mabichi na kisahani cha maji kifupi. Ugali na mkate usimpe. Kesho asubuhi nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori ya serikali, nenda na mjumbe wako ukiogopa, ueleze ulivyompata. Kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa kwa sheria ya mwaka 2009, kwa hiyo usichelewe.

Pongwe_Moja:
Samahani mzee naomba kuelewa, kobe mmoja akitoka kuna hasara gani? Huko vilimani watu wanakata mkaa kila siku na hakuna anayesema

Mstaafu_Muheza:
Swali zuri. Kobe wenye madoa tunaowaona huku anaweza kutaga mayai kumi na zaidi kwa mpigo. Huyu mara nyingi anataga yai MOJA, na linakaa ardhini miezi minne mpaka sita ndo litotolewe, na kitoto chenyewe kinachukua miaka kukua. Ukitoa majike watano kwenye kilima kimoja umekimaliza hicho kilima. Ndo maana mwaka 2019 akawekwa kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka huohuo mkataba wa CITES, ule wa mataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini. Na mkaa nao umo hapohapo, ukifyeka na kuchoma kichaka kinachozunguka mwamba anakula nini?

FundiMawe:
Naongezea maana hili nimeliona kwa macho yangu. Miaka ya tisini nilikuwa kijana napasua mawe upande wa Kondoa, tunachoma mwamba kwa matairi ukipata moto unapasuka tunaponda kokoto. Walikuwa wanakuja watu na gari wanatafuta hao kobe wa kwenda Ulaya, wanawapa watoto hela, watoto wanaingiza mtaimbo kwenye ufa wanabandua jiwe lote. Kobe akitoka basi, ila ule ufa umeshakuwa mpana, jua linaingia, nyegere anaingia, hakuna kobe mwingine atakayekaa hapo tena. Mti utapanda uote, ufa utaupanda wapi? Tulikuwa hatujui wallahi, mimi mwenyewe nimevunja nyufa nyingi na linaniumiza hadi leo. Serikali ilisimamisha kusafirisha wanyama hai nje mwaka 2016, lakini mtoto wa barabarani bado anaona elfu tano. Dada mpwa wako aambiwe asinunue tena hata akimuonea huruma, akinunua mmoja kesho watabandua jiwe lingine.

BintiNgamiani:
Ahsanteni sana wazee wangu. Nimerudi sasa hivi ofisini wamempokea vizuri, hawakunigombeza, ila swali lao la kwanza lilikuwa katolewa kilima gani, bila hivyo hawawezi kumrudisha. Nimempigia mpwa, anasema ni kabla ya kufika Babati ukitokea Kondoa, pana mawe makubwa mkono wa kulia na kibanda cha mahindi ya kuchoma. Keshokutwa anapita tena, nimemwambia ateremke aulize wale watoto ni jiwe lipi hasa, na asitoe hela.