Fear the Walking Dead: episodi ya kwanza imenichosha, niendelee?

Mtoto_wa_Igoma
Wakuu habari za jioni. Mimi ile tamthilia ya mazombi, The Walking Dead, nimeimaliza yote, sasa jamaa anayejaza muvi Buzuruga kaniwekea na hii kwenye flashi eti ni ndugu yake, nitaipenda. Jana nimekaa na episodi ya kwanza, ina zaidi ya lisaa, na aisee mazombi unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja vinabaki! Inaanza vizuri kweli, kuna dogo teja anaitwa Nick anaamka kwenye kanisa bovu lililogeuzwa maskani ya mateja huko Los Angeles, anamtafuta demu wake anamkuta anamla mtu, anatoka nduki anagongwa na gari. Nikasema leo silali. Baada ya hapo familia tu, mama mshauri wa wanafunzi, baba wa kambo mwalimu, binti anawaza chuo, wanazozana wee mpaka nikaanza kuchati. Mtu nimezoea Rick wa The Walking Dead anaamka hospitali dunia ishaisha, hawa mbona wanazunguka? Waliofika mbele niambieni niendelee au nifute nijaze kitu kingine, ila stori za mbele msitoe.

Kirumba_Finest
Mkuu utamu wa hii ni kwamba sisi tunajua, wao hawajui. Kumbuka pale hospitali, Nick kafungwa kitandani, pembeni yake kuna mzee, mara moyo wa mzee unasimama, manesi wanakimbizana kumrudisha, mi nipo kwenye kochi nimekumbatia mto naongea peke yangu, anaamka huyu, anaamka huyu, anamng'ata nesi sa hivi… wanamsukuma na kitanda chake kwenda chini, basi, humuoni tena. Dogo anavaa nguo za mzee anasepa. Hamna kilichotokea na jasho limenitoka! Kwenye ile kubwa wangekupa zombi hapo hapo, dakika mbili ushasahau.

mama_J_Nyegezi
Mi nipo na mleta mada. Yaani video ya askari barabarani wanammiminia mtu risasi haendi chini imesambaa shule nzima, walimu wameiona, watoto wameiona, halafu wanasema feki, maisha yanaendelea. Yule mwanafunzi Tobias ndo pekee mwenye akili, kaja na kisu, na bado wanamuona hayupo sawa. Kha! Nikazima nikalala zangu.

Kirumba_Finest
Hahaha dada, kwani wewe klipu za kwenye magrupu unaziamini zote? Hiyo ingetokea hapa Mwanza, Mlango Mmoja, nusu ya watu wangewahi kurekodi, nusu wangepiga kelele za mwizi, na asubuhi sokoni Mwaloni dagaa wanapakiwa kama kawaida, tena kuna mtu angesema ni mambo ya kiki. Kwangu mimi hapo ndo wamepatia kuliko sehemu yoyote.

Bwiru_Kwetu
Mnasahau mwisho jamani. Calvin, yule mshkaji anayemuuzia Nick unga, anampeleka kwenye mtaro mkubwa wa zege ili ammalize, wanagombania bastola risasi inampata yeye mwenyewe. Nick anarudi na mama yake na Travis, yule baba wa kambo, maiti haipo. Mara jamaa huyu hapa anatembea, na wale wanamsogelea kumsaidia!! Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nick anamgonga na gari, anarudia tena, mwili umevunjika wote na kichwa bado kinageuka kuwatazama. Bila ule uvivu wote wa mwanzo hapo pasingeuma hivyo. Ila kweli wangepunguza dakika kama kumi na tano za kule nyumbani, zile za chai ya asubuhi hazikuwa na kazi.

Mtoto_wa_Igoma
Mtaro nilikuwa nasinzia nikaona nusunusu, itabidi nirudie hiyo sehemu. Naona sizoni ya kwanza ni episodi 6 tu, hiyo namaliza wikiendi hii kama umeme utakuwepo. Wabeja sana. Dada Nyegezi rudi basi tuzozane vizuri.

mama_J_Nyegezi
Siahidi. Hivi zipo sizoni ngapi?

Bwiru_Kwetu
8, iliisha 2023. Mpaka ya tatu tazama ukiwa na amani, kuanzia ya nne mi sisemi kitu.