Naomba ushauri: risasi za bunduki ya upepo zinaota unga mweupe

Assalaam alaykum wenzangu. Niko Wete, Pemba, nafanya mazoezi ya shabaha ya mita 10 kwa bunduki ya upepo (kibali ninacho, msianze hapo). Vile virisasi vya milimita 4.5 naletewa na jamaa akija likizo, makopo ya 500. Shindano moja tu ni mapigo 60, bado mazoezi, kwa hiyo nikivipata naweka akiba.

Tabu imeanza masika haya. Makopo ya chini ya kabati yameota unga mweupe. Hewa hii ya chumvi na madini ya risasi hazipatani. Nimevipima kwa mizani ya sonara: vya kopo jipya vinakuja gramu 0.53, hivi kila kimoja na lake, na shabaha inatawanyika. Mama ati nivianike juani kama karafuu! Nikamwambia unga ule sumu, asiuguse.

Sasa nivioshe nivipake mafuta kidogo, au ndiyo hasara? Na akiba mnaiwekaje, mchele ndani ya kopo unatosha kunyonya unyevu?