Foili inachomoka majini kila nikipata wimbi, nibadili vifaa au tatizo ni miguu yangu?

gunia_la_coco:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, najua humu wanaopanda foili (lile bawa dogo la chini ya maji linaloinyanyua bodi) kwa kuvutwa na bawa la upepo la mkononi tuko wachache ila sina pengine pa kuuliza, jamaa zangu mtaani ukitaja foili wanajua ile ya kufungia chipsi.

Nina kilo 78, nilianza mwaka jana msimu wa kusi pale Coco Beach, Dar. Kwenye maji tulivu naruka vizuri tu, kugeuza upande wa kulia napata mara saba kwa kumi, kushoto bado nadondoka kama gunia ndo maana ya jina. Vifaa vyangu ni bodi ya lita 110, bawa la mkononi mita 5, foili ya mbele ni sentimita za mraba 1800, mlingoti (ile nguzo inayoshuka kutoka kwenye bodi mpaka kwenye foili) wa alumini sentimita 75. Vyote mkono wa pili, nilichukua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi.

Sasa shida iko kwenye mawimbi. Siongelei yale yanayovunjikia kwenye mwamba, naongelea yale mapana ya nje ambayo bado hayajavunjika, ambayo nikiangalia video za wenzetu wanayapanda kilomita nzima huku bawa wameliacha linapepea tu nyuma. Mimi wimbi likinifikia kwa nyuma nasikia kabisa bodi inanyanyuliwa, sekunde mbili tatu raha ambayo siwezi kuieleza, halafu foili inachomoka juu ya maji natua kwa kifua. Jumapili iliyopita nimehesabu mara kumi na moja na pale juu watu wanakula mihogo wanaangalia bure, kuna mtoto nikianguka anapiga makofi.

Kuna jamaa anauza foili ya 850, ile nyembamba ndefu, anataka milioni moja na laki mbili, anasema ukiwa na hii hakuna wimbi litakuacha. Nichukue au?

Bisho_Nne:
Usichukue. Kwanza kabla ya yote umemuuliza ni ya kampuni gani? Foili ya kampuni hii mara nyingi haiingii kwenye fyuzilaji (kile kiungo cha foili ya mbele na ya nyuma) ya kampuni ile, matundu ya skrubu hayalingani, utabaki na pambo la sebuleni la milioni moja na laki mbili.

Pili, 850 nyembamba kwa kilo 78 na mtu ambaye bado anaangukia kushoto ni mateso. Ile kitu inataka mwendo ndo ikubebe, ukipungua kidogo inakuachia ghafla bila taarifa, sio kama hiyo 1800 yako inayozama polepole kama mzee anakaa kwenye mkeka. Utatumia jioni nzima unapiga mbizi unatafuta kusimama.

Kuhusu kuchomoka, elewa kinachotokea chini huko. Uso wa mbele wa wimbi maji yake yanapanda juu, kwahiyo foili inasukumwa na maji yanayopanda, hapohapo unateremka kwahiyo mwendo unaongezeka, na nguvu ya kuinua haiongezeki sawasawa na mwendo, inaongezeka kwa mwendo mara mwendo. Ukitoka kilomita 18 kwa saa ukafika 25 ile nguvu inakaribia kuwa mara mbili, na wewe hujaongeza hata kilo moja mguu wa mbele. Unategemea nini? Lazima ichomoke.

Dawa yake ni kuanza kabla. Wimbi likiwa bado linakuja nyuma wewe shuka, ruka chini chini, acha kama nusu ya mlingoti au zaidi iwe ndani ya maji, maana unajua wimbi litakunyanyua lenyewe. Likikugusa tu hamisha kiuno mbele, sio kuinama na kichwa, KIUNO, goti la mbele linakunjika na uzito unaushusha kwenye mguu wa mbele. Wengi tunafanya kinyume, tukinyanyuliwa tunaogopa tunarudi nyuma kama mtu aliyefunga breki, na ukirudi nyuma umeiambia foili ipande zaidi.

Halafu sogeza mlingoti nyuma kwenye ile reli ya bodi, sentimita moja tu, sio tano. Uweke alama kwa kalamu ya wino mzito ulipokuwa mwanzo ili ukipotea urudi.

chumvi_nyingi:
Milioni moja na mbili na "hakuna wimbi litakuacha" 😂 huyo sio muuza foili huyo ni winga wa Kariakoo kaletewa mzigo hajui hata unavaliwa mguu gani.

Kilo90:
Nakubaliana na Bisho kwenye 850 ila kwenye hiyo 1800 nitapinga. Kaka hiyo ni foili ya kujifunzia, kila mtu anakwambia miguu miguu lakini kuna mahali kifaa nacho kinakukataa. 1800 ukivuka kilomita 25 hivi kwa saa inakuwa kama unapigana na mlango wenye upepo nyuma yake, hata uweke mguu wa mbele kama tembo.

Na hapa niseme kitu ambacho watu hawapigii hesabu. Mawimbi yana mwendo wake. Fungua Windguru au Windy, zile za utabiri wa upepo na mawimbi, uangalie pale panapoandika sekunde, yaani muda kati ya wimbi na wimbi. Kwenye kina kirefu zidisha hizo sekunde kwa 5.6 unapata kilomita kwa saa. Wimbi la upepo la sekunde 4 linakwenda kama 22, la sekunde 5 kama 28, likiwa la sekunde 8 limeshafika 45 na hapo na mimi na wewe tunaliaga kwa mkono. Sasa upepo wetu wa mchana hapa unatupa zaidi haya mafupi ya sekunde 4 na 5, zile video unazoangalia ni za sehemu zenye mawimbi marefu yenye nguvu, wale lazima wawe na foili ndogo ya mwendo kasi, wewe ukiileta hapa inakaa bila kazi.

Kwahiyo kwa kilo 78 na maji yetu tafuta kitu cha 1100 mpaka 1300, upana wa wastani, isiwe ile fupi nene wala ile ndefu ya mashindano. Inateleza vizuri, inageuka, na ukipunguza mwendo inakusamehe. Na foili ya nyuma ukipata ndogo kidogo kuliko uliyonayo utaona mnyama mwingine kabisa kwenye kugeuka, na hiyo ni bei rahisi kuliko ya mbele, ila nayo hakikisha inaingia kwenye fyuzilaji yako.

Bodi iache. Lita 110 ni kilo zako na 32 juu, kubwa ndiyo, ila ukianguka nje kule ambako maji yanacheza utashukuru una kitu cha kukupandisha. Ukishakuwa huanguki ndo ushuke kwenye 85 au 90.

mwana_wa_ngalawa:
Salaam. Mimi nimekulia Kunduchi kwenye ngalawa ya mzee wangu, foili nimeanza uzeeni, na bado nawashangaa mlingoti wenu unaelekea chini. Ila bahari ni ileile.

Naona wote mnaongelea vifaa hakuna aliyemuuliza ameingia maji saa ngapi. Kijana, Jumapili uliyosema maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Bamvua, yaani maji makubwa, hapa Dar yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, yakikupwa pale Coco mwamba unaota nje, na wewe una sentimita 75 za mlingoti na foili chini yake. Ukigusa mwamba kwenye mwendo ule sio foili tu, na meno. Ingia maji yakiwa yamejaa nusu yanaendelea kujaa, una masaa matatu ya raha.

Jambo lingine, mawimbi hayapandwi kwa kukaa pwani unayasubiri. Kusi likivuma bisha kwanza, yaani nenda kwa kukata kona kona kuelekea upepo unakotoka. Piga bisho tatu nne uende upande wa kusini na nje, upepo uupate joshini (ubavu unaopigwa na upepo), ufike mahali ambapo maji ni ya buluu na wimbi bado ni refu halijasikia mwamba. Hapo ndo unageuza unarudi kaskazini na wimbi liko mgongoni. Ukianzia karibu na pwani unakutana na wimbi ambalo limeshagusa chini, limepunguza mwendo limesimama wima, lile linamnyanyua mtu kama baba anamnyanyua mtoto na ndo hilo linakuangusha mara kumi na moja.

Na usitazame nyuma. Mzee alikuwa ananipiga kofi la kisogo nikigeuka kutazama wimbi. Tazama mbele utafute bonde, pale maji yanapoinama, uelekeze omo (pua ya bodi) pale. Wimbi lililoko nyuma utalisikia kwenye nyayo. Ukijaribu kulipanda tuta lililoko mbele yako unaishiwa nguvu, fuata mabonde.

Msimu wa kaskazi mambo yanageuka, ghuba ya Msasani inapokea upepo kutoka nje na unaweza kujifunzia mule. Kwenye kusi mule ndani upepo unatoka nchi kavu na majumba, unakuja kwa vipande vipande, na kamba ikikatika unakwenda zako Bongoyo bila nauli.

gunia_la_coco:
Aisee asanteni sana, sikutegemea. Mzee wa ngalawa nimeangalia jedwali la maji kupwa na kujaa, Jumapili niliingia saa kumi na maji yalikuwa yanakupwa 🤦🏾

Swali moja, lile bawa. Likifika wimbi nalifanyaje? Nikiliachia naona linanivuta, nikilishika kwa mikono miwili linanisukuma mbele naongeza mwendo ambao sio wangu.

Bisho_Nne:
Ndo hapohapo sasa, nilisahau. Bawa lina ule mshikio wa mbele kabisa kwenye bomba la upepo, sio ile miwili ya kati. Ukishasikia wimbi limekubeba mkono wa nyuma unaachia kwanza, ule wa mbele unahamia kwenye mshikio wa mbele, unanyoosha mkono pembeni usawa wa bega na bawa linageuka lenyewe linapepea kama kitenge kwenye kamba. Halikuvuti tena. Ukiona linavuta maana yake umelishika katikati au umelishusha ncha inagusa maji.

Zoezi lake lifanyie maji tulivu bila wimbi lolote. Ruka, achia, shika mbele, hesabu mpaka tatu, rudisha mikono kabla foili haijazama. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili nikionekana mjinga. Ukiweza kuhesabu mpaka tano wimbi likija utaona ni nyongeza tu.

Na upepo ukifika noti 18, 20 usitoke na mita 5. Mita 4 inatosha, nyepesi mkononi na ncha hazikwaruzi maji ukiinama kugeuka.

Kilo90:
Nyongeza kwenye kugeuka. Ukiona umelitangulia wimbi na mwendo unaisha usipampu (kuisukuma foili juu chini kwa miguu) kama unapiga pasi, geuka urudi upande wa wimbi, lipo palepale linakuja. Kaa juu kidogo ya katikati ya uso wake, usiteremke mpaka bondeni ukakaa. Na unapogeuka ndo unaruhusiwa kupanda juu kwenye mlingoti, ukigeuka ukiwa chini sana bodi inagusa maji inakukaba.

Majani ya bahari pia angalia, yakinasa kwenye foili utadhani umesahau kila kitu. Mimi nilishapoteza saa nzima nalaumu miguu kumbe nimebeba tawi zima la mwani.

chumvi_nyingi:
Na Jumapili Coco usipande karibu na watu wanaoogelea jamani, ile foili ni kisu. Vaa helmeti.

gunia_la_coco:
Mrejesho wakuu. Jumamosi nimeingia saa saba na nusu maji yanajaa, mlingoti nimerudisha nyuma sentimita moja, nikabisha mpaka nje kule unapoona boti za Unguja zinapita kwa mbali. Nimeanguka mara nne za mwanzo vilevile. Ya tano nikakumbuka kiuno, nikashuka chini kabla, likanibeba, nikaachia mkono wa nyuma, bawa likapepea, na pakawa KIMYA, yaani hakuna upepo masikioni kwa sababu naenda nao, nasikia tu maji yanalia chini ya bodi kama mtu anachana kitambaa. Sijui ni sekunde ngapi, labda kumi. Nikapiga kelele peke yangu baharini halafu nikaanguka kwa sababu ya kupiga kelele.

Jamaa wa 850 nimemwambia aendelee kutafuta mteja. Ila Kilo90 una kweli, mwishoni ile 1800 ilikuwa inanishinda kabisa miguu inatetemeka. Mwenye 1200 anayeuza aje inbox.

Halafu skrubu za mlingoti nilivyotaka kufungua nyumbani zimegoma, mbili hazizunguki kabisa.

Bisho_Nne:
Hujawahi kupaka grisi ee? Alumini na chuma cha pua kwenye maji ya chumvi vinakulana. Usilazimishe utakata kichwa, mwagia maji ya moto, subiri, jaribu polepole. Ukishazitoa paka grisi ile ya baharini kila zinapoingia, na ukitoka majini kila kitu kioshe na maji baridi ya bomba. Zikigoma kabisa niambie, kuna fundi wa boti namjua.

gunia_la_coco:
Moja imetoka. Ya pili nakuja inbox.