Nimefutishwa picha za rafu moja baada ya nyingine mbele ya foleni, na aliyefanya hivyo mnamjua

Mpanga Juisi (mwanzisha uzi):
Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule msimamizi wa supamaketi, ambaye kila mpanga bidhaa wa Dar es Salaam (sisi tunaotumwa na kampuni kupanga bidhaa zao madukani) anamjua kwa mlio wa funguo zake, leo amenisimamisha karibu na kaunta na kuniamuru nifute picha zangu huku akizihesabu kwa sauti, mbele ya foleni iliyoanzia Mwenge na kuishia Kibaha.

Barua ya ruhusa ninayo, na muhuri uliopo ni wa duka lake mwenyewe. Nilikuwa nimegeuza kila chupa lebo itazame mbele, nimesogeza mbele zile zinazokaribia kuisha muda, kisha nikasubiri wateja wapite ili sura ya mtu isiingie kwenye tangazo, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haina utani. Taa za mirija za pale hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua, na ukipiga kwa kasi kubwa ya shata ya kamera picha hutoka na michirizi ya giza. Nikashusha kasi hadi 1/50 ya sekunde, nikaegemea toroli, nikasimama upande ili kioo cha friji kisinionyeshe nilivyokodoa macho. Baada ya jasho lote hilo mtu anakuja na kusema, "Futa. Nyingine. Futa. Nyingine."

Tulipofika kwenye picha nzuri kuliko zote, akasema, "Hii usiifute kwanza, nirushie WhatsApp niiweke kwenye ukurasa wa duka." Ilipomfikia, akasema, "Haya, sasa futa." Kwa sauti, wakuu! Mbele ya foleni!

Rafu ya Chini:
Pole mkuu, ila naomba kuelewa vizuri: umefutishwa picha dukani kwa mtu, na kabla ya kutoka ukamfanyia kazi ya bure?

Mpanga Juisi:
Ningefanyaje, ilhali mlinzi alikuwa ameshikilia begi langu lenye nauli? Halafu hamnielewi. Alikuwa anahesabu kwa sauti, na keshia mmoja akawa anamsaidia kuhesabu.

Fundi Lenzi:
Kwa kasi ya 1/50, huku umeegemea kitu chenye magurudumu, mimi naona msimamizi amekusitiri. Kampuni yako ingepokea picha za ukungu wa Lushoto.

Shangazi wa Kigamboni:
Mwanangu, umeponzwa na sisi wateja. Mimi hupiga picha lebo ya bei kila ninapochukua bidhaa, kwa sababu unga ukiwa rafuni una bei moja na ukifika kaunta una nyingine, na ukiuliza unaambiwa mfumo haujabadilishwa. Hapo ndipo nawatolea simu. Tangu waanze kuumbuliwa hivyo, kila mwenye kamera wanamwona mpelelezi.

Dada Biskuti:
Simhurumii hata kidogo. Nilipanga biskuti zangu usawa wa macho, nikapiga picha, nikamtumia bosi, na niliporudi baada ya chakula cha mchana nikazikuta chini karibu na dawa za mende, huku juu kumejaa juisi. Picha ninayo, na sikuifuta. Mwanzisha uzi atuambie ni juisi gani anapanga.

Mpanga Juisi:
Naomba turudi kwenye mada. Alisema "sasa futa" baada ya kuipokea!

Dada Biskuti:
Hujajibu swali.

Shangazi wa Kigamboni:
Na bado hatujagusia chenji ya pipi. Nina kisukari, lakini kila nikidai shilingi mia yangu narudishiwa pipi mbili.

Rafu ya Chini:
Shangazi, wewe una bahati, maana mimi juzi nilirudishiwa kiberiti. Hivi kuna aliyewahi kujaribu kuwalipa kwa pipi hizo hizo?